Kengele ya Kuachia Kazi

Deolinda alikuwa amekwisha kulipita birika la kufulia nguo wifi yake Zulmira alipomfikia, anahema, anamlaumu kwa kutomngoja.

"Unakimbilia wapi, wifi? Kilima hakihami."

"Jua linahama."

"Na goti langu je? Unadhani nimeliazima?"

Wakapanda. Njia ya Santa Comba hupita kati ya kuta za mawe meusi, hukata shamba la mizeituni, kisha hujitupa juu moja kwa moja hadi kwenye kanisa dogo lenye jina hilo na ukingo wa kutazamia. Ukifika hapo bonde lote la Douro liko chini yako, mto umejikunja mara mbili, na matuta ya mizabibu yamepanda huku na huku mpaka yanapokutana na anga. Wageni wenye fimbo mbili mbili waliwapita, wakawaamkia kwa Kireno cha kitabuni.

"Fimbo mbili, na miguu yote mizima," Zulmira akasema. "Mimi ningeridhika na moja."

Deolinda hakucheka. Leo kengele ya shamba ilikuwa ipigwe, naye alitaka awe juu kabla haijalia.

Mwanawe Delfim alikufa kwenye mavuno ya mwaka juzi, ukuta wa kona ulipoachia na trekta kuporomoka naye kutoka tuta la juu la shamba la tajiri waliyemwita Bwana Mhandisi. Tangu baridi iliyofuata amekuwa akionekana kwenye tuta lile, mtu akitazama kutoka juu Santa Comba. Wa kwanza kumwona walikuwa Wajerumani, mume na mke, waliopiga simu zimamoto kwamba mtu ameanguka na trekta. Watu wa zimamoto wakaenda mbio, wakakuta ukuta umejengwa upya na mizabibu haina jani. Kesho yake wakaitwa tena na Mholanzi. Walipoitwa mara nyingine mkuu wao akapanda mwenyewe hadi juu, akatazama, akasema, "Huyo ni Delfim wa Deolinda," wakarudi kituoni. Siku hizi wakipigiwa simu huuliza kwanza ni tuta lipi.

Kwenye tuta hilo ni mavuno daima. Januari, bonde zima likiwa limebaki vijiti, pale pana majani mabichi na vishada vyeusi, na Delfim, kofia yake ya njano kichwani, anapakia makreti ya zabibu kwenye trekta. Hufanya kazi mchana kutwa. Jua likianza kushuka huwa anageuza shingo kutazama upande wa nyumba kubwa ya shamba. Giza likiingia, mvua hunyesha, juu ya tuta lile peke yake. Ndipo anapopanda trekta na kushuka, na kwenye kona ukuta unaachia. Asubuhi yuko tena.

"Anasubiri kengele," Deolinda alisema siku ya kwanza tu alipomwona. Alikuwa amevuna zabibu kwenye shamba hilo tangu usichana wake, na ile namna ya kugeuza shingo aliijua. Kwa Bwana Mhandisi mtu haachi kazi mpaka nyapara apige kengele, na anayeondoka kabla ya hapo, haitwi tena kazini. Kwa kawaida hupigwa jua likiwa bado kwenye matuta ya juu. Siku ile wingu la mvua lilikuwa linakuja, na Bwana Mhandisi akaamuru isipigwe mpaka kreti la mwisho lipakiwe. Ilipolia, njia ilikuwa giza na tope. Wakaguzi wa kazi walipokuja, nyapara Amândio akawaambia kengele ililia kwa wakati wake, kijana alibaki kwa ukaidi wake mwenyewe. Ikabaki hivyo.

Deolinda hakuwa anataka mengi. Alitaka kengele ilie mara moja mapema, mwanawe ashuke na mwanga, njia ikiwa kavu, afike chini.

Alianza kwa kwenda mwenyewe kwenye tuta. Ukiwa pale huoni mtu, kwa hiyo Zulmira alibaki juu kumwongoza kwa kitambaa cha kichwa: kikipungwa kushoto asogee kushoto, kikiinuliwa asimame. Kikainuliwa. Deolinda akanyoosha mkono, akauweka hewani, akaongea na mwanawe mpaka koo likakauka. Aliporudi juu akauliza ilikuwaje.

"Alikuwa mbele yako hapo hapo," Zulmira akasema. "Ulimshika bega."

"Akafanyaje?"

"Alikuwa amebana midomo vile, anapiga mluzi. Halafu akachukua kreti akakupita katikati."

Ndipo Deolinda alipojaribu kengele ya kanisa. Aliivuta kamba jua likiwa bado kali. Kule chini Delfim akasimama, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kupakia. Ikajulikana kwamba kengele anazisikia. Lakini ile ni ya sala, haimwachii mtu kazi.

Wakamfuata Amândio mkahawani, alikokuwa akicheza karata.

"Ipige mara moja, Amândio," Deolinda akamwambia. "Jua likiwepo."

"Dada Deolinda, ile kengele si yangu."

"Na mkono?" Zulmira akadakia. "Mkono nao ni wa Mhandisi?"

"Nyumba ninayolala ni ya Mhandisi. Mke wangu hageuki kitandani bila mimi kumgeuza. Mkitaka niwe na mkono wangu mwenyewe, nitafutieni kwanza pa kumlaza."

Akatupa karata. Ilikuwa mbovu, na wenzake hawakumtania.

Akabaki Bwana Mhandisi. Alikuwa ameigeuza nyumba kubwa kuwa hoteli, na kengele ilining'inia juu ya mlango wa ukumbi wa kuonjea divai, ulimi wake umefungwa kitambaa ili wageni wasiichezee. Alimpokea Deolinda wamesimama, kwa adabu.

"Mama Deolinda, mwanao namwona kama unavyomwona. Inaniuma. Lakini nikiipiga jua likiwepo, watu watauliza kwa nini siku ile haikupigwa. Wakili wangu hatalikubali hilo."

"Usiwaambie. Piga tu."

"Kengele inasikika bonde zima, Mama."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa yake. Wakamwambia bwana amekwenda Porto. Alikaa getini na mkate wake wa mahindi mfukoni mpaka akaufahamu mwendo wa kila gari. Asubuhi moja basi la wageni lilipoingia, akapiga magoti kwenye kokoto, katikati ya njia, akakataa kuinuka. Wageni wakashuka, wakalizunguka gari na mizigo yao wakimtazama. Bwana Mhandisi, ambaye alikuwa Porto, akatoka ndani mbio, akamwinua kwa mikono yake mwenyewe. Kabla wiki haijaisha akatuma mtu kumwambia: kengele itapigwa, na si mara moja, kila siku, kuanzia Jumapili.

Ndiyo Jumapili hii waliyokuwa wakipanda.

Walipofika juu walikuta jukwaa jipya la mbao, meza zenye vitambaa vyeupe, na wageni wameshika glasi. Bwana Mhandisi akaja kuwalaki.

"Mama, nimewawekea viti vya mbele."

Deolinda hakukaa. Jua lilikuwa limeyaacha matuta ya chini, limebaki ya juu. Delfim aligeuza shingo. Kule nyumba kubwa kulikuwa kimya.

"Bwana Mhandisi, ndiyo saa hii."

"Bado kidogo, Mama."

"Jua linaondoka."

"Ndilo tunalolingoja. Watu wamepanda huku kuliona likizama. Likishazama tu, Amândio anapiga. Itapendeza sana, utaona."

Deolinda akamshika mkono wa koti.

"Ipigwe sasa. Nitakufulia mashuka ya hoteli yako mpaka nife, hunipi hata senti. Nitalala mlangoni kwako kama mbwa. Mpigie simu aipige sasa."

"Mama, sasa hivi nusu ya wageni bado wako njiani."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wakionekana kwenye mizeituni, wanapanda polepole na fimbo zao.

"Basi hao nusu si wapo?" Zulmira akasema. "Wapigie hao. Wale wengine wapigie nyingine."

Bwana Mhandisi akatabasamu, akaenda kumjazia mtu glasi. Deolinda akakimbilia kanisani, akaivuta kamba kwa uzito wake wote, akijua haifai. Kule chini Delfim akavua kofia, akafanya msalaba, akainama kuchukua kreti jingine. Wageni wakapiga picha.

Jua likazama. Wale wa nyuma wakawa wamefika, nao wakapewa glasi. Mvua ikaanza juu ya tuta, nyembamba, kila mahali pengine pakavu. Ndipo kengele ikalia, sauti safi, ikavuka mto na kurudi. Delfim akajifuta mikono kwenye suruali, akainua mkono mmoja kuelekea nyumba kubwa kama mtu anayesema nimesikia, akapanda.

"Usipande, mwanangu," Deolinda akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama ya mtu aliye chumba kimoja naye.

Taa za trekta zikawaka, zikaenda mpaka kwenye kona. Ukuta ukaachia.

Wageni wakamaliza glasi zao. Baadaye mama mmoja akamuuliza Bwana Mhandisi kama yule kijana amekuwa naye muda mrefu.

"Ni mtu wetu wa siku nyingi," Bwana Mhandisi akajibu.

Zulmira akampitishia wifi yake mkono kiunoni, wakaanza kushuka.

Amândio hupiga kengele kila jioni, kwa kizibao na kofia nyeusi alivyopewa na hoteli. Mkewe alikufa mizabibu ilipoanza kuchipua, naye ameachiwa nyumba ileile. Bwana Mhandisi ameongeza jukwaa, na kwa siku za joto huwa hapana nafasi bila kuagiza mapema. Ukuta wa kwenye kona hajaugusa, kwa sababu unaobomoka jioni si ule uliopo asubuhi. Wakaguzi hawakurudi. Kasisi aliitoa kamba ya Santa Comba, akasema inawasumbua watu. Zulmira alipasuliwa goti hospitalini Vila Real, hapandi tena. Deolinda hupanda kila siku, peke yake. Wageni humpisha asimame mbele, na wengine humuuliza kama bado mapema, naye huwajibu kwamba ndiyo, bado mapema. Delfim yuko kazini.