Tundu la Chupa

Sebule ilijaa wageni waliokuja kumwona mtoto, naye akacheua tena, maziwa yakamwagikia wifi mtu begani.

"We wifi, unamnywesha mtoto au unajaza ndoo?"

Wageni wakaangua kicheko. Mama mtoto akainamisha uso. Mumewe, fundi cherehani, alijua sababu. Juzi alichoka kusubiri mtoto anyonye, akapanua tundu la chuchu ya chupa kwa sindano ili amalize upesi. Tangu hapo mkewe analaumiwa, yeye kauchuna.

"Dada, mwache mke wangu. Tundu nimelitoboa mimi."

Kicheko kilikatika. Mkewe akamtazama, kisha akamtwaa mtoto kwa wifi yake na kumkabidhi.

"Haya, fundi, mbebe wewe."

Mtoto akacheua kwenye shati lake. Hakulipangusa.