Pijo Iliyolia Mama Teddy Akipanda

Mzee Hilary alikuwa na watoto wanne na Pijo moja, na watoto walijua vizuri ni nani kati yao aliyeogeshwa mara nyingi zaidi. Ilikuwa Pijo 504 ya rangi ya maziwa, aliyoinunua ikiwa tayari imeshatumika, enzi hizo akifanya kazi ya umeme Kidatu. Alipostaafu na kuhamia Ifakara, nyumba yao ya mtaa wa Viwanja Sitini ilipata paa la kuegeshea gari kabla haijapata dari.

Mke wake, Kandida, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Teddy, hakuwa na ugomvi na Pijo. Ugomvi ulianza masika yalipokwisha, siku gari lilipotoa mlio. *Grrr-ta-ta-ta.* Ukatoka chini, mahali fulani, ukakaa kidogo, ukakata. Mzee Hilary alisimamisha gari, akalala chali barabarani, akachungulia, hakuona kitu. Wiki ile ulitokea mara tano, na Ijumaa, wakitoka sokoni, aliamua kusema alichokuwa amekigundua.

"Mama Teddy, nimelichunguza hili gari. Nikiwa peke yangu halilii. Ukipanda wewe tu, linaanza."

"Kwa hiyo ubovu ni mimi?"

"Sijasema ubovu. Nasema labda uzito."

Kandida aliomba gari lisimame. Akashuka na kikapu chake cha kambale, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, huku Pijo ikimfuata nyuma taratibu, kimya kabisa, jambo lililomuudhi zaidi. Siku tatu zilizofuata alipika kama kawaida, akaweka chakula mezani, akaenda kula kwa jirani.

Lakini kulikuwa na safari. Jumapili ya juma lililofuata Brigitha, mjukuu wa dada yake, angepata kipaimara Mlimba, na Kandida ndiye msimamizi wake. Barabara ya Mlimba si ya kuendea na gari lenye siri. Jumatano wakaenda kwa Nasma.

Nasma alikuwa binti wa mwenye duka la vitenge, watu waliotoka Kilwa zamani. Baba yake alimtaka dukani. Yeye akataka grisi. Sasa alikuwa na gereji yake nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na wenye magari makuukuu walimjia hata kutoka Mahenge.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Kandida. "Tumekuletea gari. Baba yako anasema linanikataa."

Nasma hakucheka. Aliuliza mlio ukoje, na Mzee Hilary akauiga kwa koo lake mara tatu, kila mara tofauti. Wakatoka wawili, fundi na mzee, wakazunguka mjini. Kimya. Kisha Nasma akaendesha mwenyewe, Kandida mbele upande wa kushoto, mzee kiti cha nyuma, mpaka mto Lumemo na kurudi. Kimya tena. Kandida alirudi ameketi wima kama bibi harusi.

"Haya," alisema akishuka. "Mimi si nilikuwemo?"

Mzee Hilary aliyashika masikio yake yote mawili, kama anayehakikisha bado yapo. Fundi akafikiri.

"Mama, nisamehe, nakuuliza kikazi tu. Una kilo ngapi?"

"Za nini?"

"Nataka niweke mchele kwenye kiti badala yako, uzito uleule, halafu baba aendeshe. Tuone kama kweli ni uzito."

Kandida alikuwa hajapima uzito tangu alipokuwa na mimba ya mwisho. Lakini jina lake lilikuwa limechafuka, na mizani ilikuwa palepale, mbele ya mashine, wakulima wamepanga foleni na viroba vyao. Akavua viatu, akapanda. Mpimaji, mtu aliyezoea kuitangazia foleni, akapaza sauti, "Themanini na sita!" na karani nusura aandike. Watu wakapiga makofi. Kandida aliwapungia mkono, maana hakukuwa na jingine la kufanya, akashuka akivaa viatu vyake kwa heshima zote.

Kilo themanini na sita za mchele zikaketi mbele. Mzee Hilary akaendesha hadi Kibaoni na kurudi. Mchele haukulia.

"Sasa tutoke wote watatu," alisema Nasma, "lakini baba ndiye aendeshe, kama mnavyoendaga siku zote. Mimi nakaa nyuma. Msinijali."

Wakashika lami. Mbele yao palikuwa na lori la matofali linalojikokota, na Mzee Hilary hakuwahi kupenda mgongo wa lori. Akachungulia, akatoka, akakanyaga mafuta. Upande wa pili bajaji ikawa inakuja, bado mbali, lakini inakuja. *Grrr-ta-ta-ta!*

"Huo!" alipiga kelele mzee. "Umeusikia?"

Nasma alikuwa ameshainama kati ya viti viwili. Hakuwa anaangalia dashibodi. Alikuwa anaangalia viatu vya Kandida. Mguu wa kulia ulikuwa umejichimbia kwenye kapeti, goti limekakamaa, mshipa wa kifundo umesimama. Lori likapitwa, bajaji ikapita salama, mguu ukalegea. Mlio ukakata.

"Mama, hebu kanyaga tena."

"Nikanyage nini?"

"Hapohapo ulipokuwa unakanyaga."

Kandida akakanyaga. *Grrr-ta-ta-ta.* Akainua. Kimya. Akarudia mara nne, na mara ya nne alianza kuona raha kidogo.

Wakaegesha pembeni. Nasma akafunua kapeti. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alipiga kiraka cha bati, na masika haya ribiti zilizokishikilia zilikuwa zimeachia. Chini ya kiraka, nafasi ya kidole kimoja tu, lilipita bomba la ekzosi, lile la kutolea moshi. Ukikibonyeza kiraka kwa nguvu, kinaligusa bomba, vinatetemeka pamoja.

"Lakini mama," aliuliza mzee, "kwani ulikuwa unafanya nini hapo chini?"

"Nafunga breki."

"Breki gani? Breki iko huku kwangu."

"Najua iko kwako. Ndiyo maana nafunga yangu."

Nasma alijikuta ana shughuli nyingi na spana zake. Mzee Hilary alikibonyeza kile kiraka kwa kidole.

"Tangu lini?"

Kandida hakuwa amewahi kujiuliza. Mguu ulijikanyagia wenyewe. Lakini alipoulizwa, jibu lilikuwa limekaa tayari.

"Tangu Kidatu. Teddy ana miezi miwili, nimempakata. Ulilipita trekta la miwa, ukakutana na basi."

"Tulipona, mbona."

"Tulipona. Ukaenda kuwasimulia wenzako, mkacheka. Na mimi nikacheka."

Mzee Hilary aligeuza gari, wakarudi gereji. Huko alimwambia Nasma achomelee bati jipya, nene, na lile kuukuu alitoe lote. Ijumaa kazi ilikuwa imekwisha. Nasma aliruka juu ya sakafu kwa miguu yote miwili kuwaonyesha. Haikutoa hata mguno.

"Mlio nimeumaliza, baba," alisema. "Yale mengine hayachomelewi."

Jumamosi alfajiri waliondoka. Kabla ya kuwasha, Mzee Hilary alisafisha koo. "Sasa gari halitaniambia. Ukiogopa, sema."

"Nitasema."

Alisema mara mbili kabla ya kufika kijiji cha Mbingu: mara ya kwanza kwa sababu ya ng'ombe, mara ya pili alikuwa anajaribu tu kama maneno yanafanya kazi. Yalifanya. Baada ya hapo mzee aliendesha kama aliyebeba mayai ya mtu mwingine. Bodaboda iliyopakia kabati iliwapita, dereva akapiga honi kwa dharau, na mzee akaiacha iende zake, ingawa masharubu yalimcheza. Mashamba ya mpunga yalipita dirishani polepole. Karibu na Mngeta, Kandida, ambaye katika miaka arobaini hakuwahi kufumba macho ndani ya Pijo ile, aliegemeza kichwa kwenye kioo na kulala.

Alizinduka, macho bado kayafumba, kwa sauti ya dada yake Febronia nje ya mlango, mikono kiunoni, akiuliza ni gari gani hili linalotoka Ifakara alfajiri na kufika Mlimba saa tisa alasiri, tena bila pancha.

"Shemeji," alinong'ona Mzee Hilary, "punguza sauti. Dada yako amelala."