Moshi Usitoke

Alfajiri, kabla maziwa ya ngamia hayajafika Garissa kutoka Bura, Raho huwa jikoni akifukiza vibuyu vya kutilia maziwa. Anatia kijinga cha moto, anafunika, anatikisa, anahamia kingine. Jiko halina dirisha. Kazi hiyo alikabidhiwa alipoolewa, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kifua chake kinasemaje.

Juzi alikuwa akipeleka maziwa sokoni. Akaharakisha. Hewa ikaingia, kutoka ikakataa, naye akavuta nyingine juu yake. Kifua kikajaa. Mbele ya duka la simenti miguu ikaachana na ardhi, akapanda na vibuyu vyake hadi usawa wa mabati. Wapita njia waliinamisha vichwa wasigongwe.

"Shuka," alisema wifi yake, Saynab, mwenye biashara. "Kila siku uvivu mpya."

 Raho alibana midomo kama anayepoza chai, akaitoa hewa kidogo kidogo, akashuka.

Kwenye zahanati, tabibu Abdijabar alimpulizisha kwenye mashine, kisha akamtembeza ukumbini. Kabla hajafika mlangoni kichwa kilikuwa kinagusa dari. Tabibu alimngoja ashuke.

"Miguu yako ni mizima, mama. Njia za hewa ndizo zimebana. Ukienda mbio, hewa haiwahi kutoka. Nitakupa dawa ya kuvuta, lakini moshi uache kabisa. Ukiendelea nao, hata kwenda chooni kutakushinda."

Saynab alikuwa amekaa papo hapo. Alisikia kila neno, asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

"Daktari, maziwa bila moshi atanunua nani?"

"Basi afukize mwingine. Fukiza wewe."

"Mimi? Moshi unaniwasha macho, wallahi."

Alisema hivyo bila haya, mbele ya mgonjwa.

Leo alfajiri Saynab alikuja jikoni na kamba ya ngamia. Alimfunga Raho mguuni, upande wa pili akafunga jiwe la kusagia. Fundo lilikaza vizuri. Raho alianza kutikisa vibuyu, pumzi ikajaa, akapanda hadi kamba ilipomzuia, kule juu moshi unakokuwa mzito.

"Abaayo, dada," alisema, akipumzika kila baada ya neno, "nifungulie... mlango."

"Moshi utatoka," Saynab alijibu, akaurudishia.

Sokoni maziwa yaliisha mapema. Wateja walisifu harufu yake.