Sahihi ya Kumi na Nne

Asubuhi kompyuta mpya ilipoletwa kwenye ofisi ya ardhi mjini Iloilo, Ufilipino, Delfina alikuwa akiipangusa vumbi ile kuukuu, na Manong Anselmo, mzee wao wa ofisini, ameketi kwenye benchi nyuma ya mashine kama kawaida, mgongo kwenye feni yake apate joto. Manong alikufa miaka tisa iliyopita. Hajaondoka kwa sababu karatasi yake ya kuondokea kazini inataka sahihi kumi na nne, naye anazo kumi na tatu. Iliyobaki ni ya stoo, na stoo haimwachii mtu mwenye mali ya serikali kwa jina lake. Kompyuta ile ilikuwa kwa jina lake, na ofisi haikuwa na nyingine.

"Leo naenda," alisema Manong. Alikuwa amechana nywele. "Mke wangu ananingoja huko tangu mwaka juzi, na yule mwanamke hana subira hata chembe."

Rogelia wa stoo akaja na laptopu na kibao chake cha kuichomekea. Akaanza kuvikagua vya zamani, akisoma namba za vibandiko. Mashine, imerudi. Kibodi, imerudi. Kipanya, kimerudi.

"Na skrini?" Delfina akauliza.

"Skrini inabaki. Utaiunga na laptopu uone vizuri. Mpya hazikununuliwa."

"Basi iandike kwa jina langu, umwachie mzee wa watu aende zake."

"Mwenye mali ndiye anayekabidhi, kwa sahihi yake."

"Si huyu hapa!"

Rogelia akamwamkia Manong kwa heshima, akampa kalamu. Manong akaandika jina lake lote, polepole, na mkia chini yake. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Mnaona wenyewe. Si roho mbaya, jamani. Mkaguzi akija nimwonyeshe nini?"

Manong akarudi kukaa. Mashine ilishabebwa, na baridi ikampiga mgongoni. Delfina alimwonea huruma mpaka akashindwa kumtazama.

"Haya, na wewe tia sahihi hapa," Rogelia akamwambia. "Bahati yako, shoga! Hii utakwenda nayo popote."

"Usitie," akasema Manong.

"Nisipotia, wanangu watakula nini, Manong?"

Akatia.

Saa sita Delfina akainuka kwenda kula batchoy, supu ya tambi. Hatua ya tatu miguu ikagoma, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Akarudi, akaichomoa laptopu, akaikumbatia, akaenda. Mama wa supu akampakulia kama kawaida. Wawili kwenye foleni walikuwa wamekumbatia za kwao. Nyumbani alipooga aliiweka juu ya kifuniko cha pipa. Jumapili alikwenda nayo misani. Yumo kwenye mstari wa komunyo, bosi akamwandikia, naye akamjibu kwa kidole kimoja, akapokea, akasema amina.

Jumatatu akaichomeka kwenye kibao chake. Skrini kuukuu ikawaka. Manong akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi.

"Mwenzio angalau nilikufa kwanza," alisema.

Delfina akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kiliisha, machozi hayakuisha. Manong akangoja ajifute, kisha akamsomea namba ya faili la kwanza.