Winga wa Mguu Mmoja

...na hata ungekuwa wa mviringo kama mipira ya watu wengine bado nisingejua kwa nini wanaume wazima wanaulalia namna ile kama kuku anayeatamia, huu wa raga umechongoka kote kote, yai la bata aliyetaga kwa hasira, nami nimekaa hapa juu ya ndoo iliyopinduliwa, dukani kwa Jashvant, Kalangalala, kati ya makoleo na mipira ya maji, nasubiri mapumziko yaishe, nusu ya pili ianze, nayo iishe, nimchukue mjukuu wangu Maduhu nimpakie kwenye Landrova nimrudishe Masumbwe, hilo ndilo lililonileta Geita, sina lingine, wajomba zake walikaa kikao wakasema aende Bibi, mdomo wake hakuna anayeubishia, wakanifungia michembe ya njiani, viazi vyetu vya kukausha, kama mtu anayetumwa vitani, na dereva yupo hapo ng'ambo anakula, kasema tukimaliza mama tunaondoka, nikamwambia kula baba, tafuna, usije ukanifia njiani... na kwenye televisheni wale wa jezi ya zambarau wanakunywa maji wameinamisha vichwa, timu ya Afrika Kusini hiyo, wenyewe hapa wanaiita Zambarau tu, wanafungwa leo tena kama walivyofungwa wiki iliyopita, na kelele zilizomo humu dukani ungedhani wamewafunga hawa, Jashvant amepunguza sauti ya televisheni ili apandishe ya kwake, Namba kumi auzwe! anasema, auzwe hata kwa hasara! Akipata mpira anapiga juu, akipata tena anapiga juu, kwani goli liko mbinguni? na Donatus, huyu kijana wa Kizinza mwenye mabega kama kabati, anamjibu huku anatafuna hindi, Kumi hana kosa, Jashvant, mpira unamfikia umeshapoa, mafowadi wakilala kwenye lundo wanakaa humo kama wanasali, tisa anauchimbua, anauchimbua, ukija kutoka maadui wamekwisha jipanga mstari, sasa kumi afanye nini, auingize mfukoni? haya, na Paskazia naye, mama wa chai hapo mlangoni, mwanamke mwenye watoto wake, badala ya kuangalia maandazi yasiungue, Na yule winga wenu je? anasema, yule anaogopa kuchafua kaptula... nilitaka kucheka, nikajizuia, sikuja kucheka.

Kosa ni la dishi, niliamua hivyo nilipolikuta pale juu ya bati, sufuria kubwa la kupikia wachawi, Jashvant alilinunua aangalie kriketi yake na jenereta likinguruma, wakaja Makaburu wa mashine za kutoboa ardhi, wale waliokuja kuitafutia kampuni dhahabu, wakamwomba awawekee mpira wao, vibarua wao wakaja nyuma yao, Makaburu wamehama na mashine zao, ugonjwa umebaki, na Maduhu ndiye mgonjwa wa kwanza kwa sababu yeye aliucheza, kila Jumapili, kambini kwao, walimweka pembeni kabisa kwa ajili ya mbio zake, anarudi likizo magoti hayana ngozi, namwambia bebe, wewe, unafukuzana na nini, anasema Bibi, huu mpira unarushwa nyuma halafu watu wanakwenda mbele, nikamwambia akili hizo ni za walioshiba... basi Makaburu wakahama, kibarua kikaisha, akaingia duarani na wenzake, shimo refu hilo la wachimba dhahabu, lenye magogo ya kuzuia udongo, mvua zikaja, magogo yakaachia, wenzake wakamfukua kwa mikono, kucha ziliwatoka, hadi leo siwajui majina nikawashukuru, na kule hospitali ya Kolandoto daktari akaniita pembeni akasema mama, mguu au mtu, nikamwambia kata, una swali lingine? sikulia, ningelilia wapi, veranda nzima imejaa wenye vilio vyao, nikaenda kumtafutia uji, na mtu wangu ninaye, yule pale, kwenye kiti kirefu nyuma ya meza ya Jashvant, pampu ya kuvutia maji imefunguliwa mbele yake matumbo nje, magongo kayaegemeza ukutani, bisibisi mkononi kama fimbo ya jumbe, Uwanja una upana, Donatus! anasema, upana ule uliwekwa kwa ajili gani, kuanikia mpunga? Watoe mpira upesi, mkono kwa mkono, mpaka pembeni, winga aupokee akiwa mbioni, siyo aupokee amesimama kama mlingoti wa shule!... Pembeni, pembeni, anasema Donatus, kwanza uwachoshe katikati, uwagonge, uwagonge, ndipo pembeni pafunguke, wewe unataka kula ugali maji hayajachemka... Mtagongana mpaka Krismasi! anasema Maduhu... na hapo ndipo Donatus, huyu huyu, mabega kabati, akamgeukia na hindi lake akasema mbele za watu, mbele yangu, Hebu nyamaza wewe, winga wa mguu mmoja, leo ukipewa mpira utazunguka hapo hapo kama pia!

Mkono wangu umeshashika koleo la Jashvant bila kuniuliza, nilikuwa nampasua mtu leo, nisingekuwa nimesikia kicheko, kicheko kikubwa kibaya cha punda, na nakijua, ni cha marehemu babu yake, sijakisikia tangu kabla ya Kolandoto, Maduhu ameegemea ukuta anacheka mpaka bisibisi imeanguka, Heri mimi ninayezunguka, anasema, wewe ulikuwa na miguu miwili Jumapili zote zile za kambini na hukunigusa, chakula chako kilikuwa vumbi langu! na Paskazia anapiga makofi, amekupata, Donatus, amekupata, na Donatus anamrushia Maduhu gunzi la hindi, Maduhu analidaka, analirudisha, linampata paji la uso... nikaliachia koleo, limelia chini ngwaa, hakuna aliyegeuka.

Kule nyumbani gunzi lingepokewa kwa mikono miwili, kule nyumbani tulimweka kivulini kama yai, mjomba wake Bujiku akija ananiuliza mimi, Amekula? Amelala? Anaendeleaje? na mwenyewe amekaa hapo hapo, masikio yake mawili hayakukatwa, ananitazama namjibia, amekula, amelala, na watani wetu, watu ambao kazi yao ni kuchokoza hata msibani, waliomtania marehemu mume wangu yumo ndani ya jeneza wakadai anajifanya amekufa asilime, walipofika kwa Maduhu walivua kofia, wakanong'ona, pole, pole sana, wakapita, nami nikaona hiyo ni heshima, kumbe walikuwa wanamzika pasipo hata utani wa mazishi, na siku gongo lake lilipoupiga mtungi wangu ukapasuka, mtungi wa mama yangu, nikasema haidhuru, mimi, haidhuru, mimi ambaye nilimtukana padri kwa kukanyaga mche wa mhogo, na yeye akanitazama, akanitazama sana, akasema asante Bibi, maana wakati huo ilikuwa ni asante Bibi kwa kila kitu, kama mgeni, kesho yake nikaambiwa amepanda lori la pamba, na mwaka mzima najiuliza mtoto huyu tulimkosea nini, alikosa nini, alikuwa na godoro, alikuwa na maziwa.

Na nilipofika leo, hata salamu haijapoa, shikamoo Bibi, marahaba, Jashvant akaanza kunishtakia, Mjukuu wako mkorofi, Bibi, juzi kanigombeza mbele ya wateja eti nimeuza pampu mbovu, na asubuhi anachelewa, nikimwuliza anasingizia mguu, nikamwambia mguu si sababu, mimi nina gauti miguuni na duka nafungua! nikakasirika, nikasema moyoni tazama, ni haya ndiyo aliyoyafuata huku, na sasa nakaa juu ya ndoo yake nageuza neno hilo ndani na nje kama nguo mnadani, mkorofi, anachelewa, kagombeza, hayo ni mambo ya mtu aliyepo, mtu hashtaki godoro, ee Mungu, niliye mkavu wa shukrani, ninayekuombea mvua kwa kukukumbusha ulivyochelewa mwaka juzi, nakushukuru kwa Jashvant na gauti lake, nakushukuru kwa dishi hilo baya, kwa wale Makaburu waliokaa wakaondoka, kwa Zambarau kufungwa kila wiki maana wangekuwa wanashinda hawa wangegombana na nini, na kwa Donatus, kwa mdomo wake mchafu, hata sijui mtu aliyekutukania mjukuu unamshukuru kwa kitu gani, michembe? nitampa michembe yote, na kwa wajomba nitasema nini, nitasema nimemkuta ana kazi, watasema kilema ana kazi gani, nitawaambia ana kazi ya kubishana, nao wakibisha watanijua, wamenisahau hawa, mwaka mzima nimekaa kimya kama kanisa la Jumatatu.

Na Jashvant anapandisha sauti, zambarau wanatoka, wanasambaa kwenye majani yale ya kijani kiasi cha kumliza ng'ombe wa huku, mmoja ameushika mpira, bado hajaupiga, na mimi nimesimama, sikujua kama nimesimama, nilitaka kwenda kumwambia dereva akimaliza kutafuna anipakie peke yangu, na mgongo wangu umejaa kwenye kioo cha televisheni, na nyuma yangu sauti, Bibi! Sogea huko, unatuzibia! hakusema samahani, hakusema tafadhali, hakusema asante Bibi, amenifokea kama mtu anayefokea mbuzi aliyeingia jikoni, na Donatus ameacha kutafuna, Jashvant kidole kimebaki hewani, Paskazia ameweka mkono mdomoni, wote wanautazama mdomo wangu, wanasubiri, nami nageuka taratibu, sisogei, ninajaa pale pale, namtazama mjukuu wangu usoni naye ananitazama, hashushi macho, na tusi limeshafika, zima, lenye chumvi yake, lenye pilipili, limekaa kwenye ncha ya ulimi linataka kutoka, nami sina haraka nalo, naliacha likae kidogo, nalionja...