Nyumba ya Nane

Rwegoshora alipoulizwa ana nyumba ngapi alijibu nane, na tabu yote ilianzia hapo.

Aliyemuuliza ni Joyness, binti wa halmashauri aliyekuja kuandikisha majengo ya senta ya Omukitoma kwa ajili ya kodi. Mimi nilikuwepo. Kazi yangu ni kuzunguka nikinoa visu na misumeno, leo Nyabiyonza, kesho Kanoni, na nikifika Omukitoma hulala kwa Rwegoshora, kwa sababu mkewe Dafroza hampakulii mgeni kwa kumpima. Siku hiyo nilikuwa barazani nanoa panga la mwenyeji wangu.

Binti alisalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, akapewa kigoda. Kisha akauliza swali lake. Sasa kwetu, mgeni akimuuliza mzee ana nyumba ngapi, mzee anasikia anaulizwa habari za uzazi wake. Huanza na ya kwake, akaja kwenye za watoto wote waliojenga, na kila moja anaitaja kama mtu anayekuonyesha ng'ombe aliyenenepa. Rwegoshora alichukua fimbo, akamzungusha yule binti kibanja kizima katikati ya migomba. Akamwonyesha nyumba ya mwanawe wa kwanza, Jovitus, anayefanya kazi Kayanga. Akamwonyesha za wadogo watatu wa Jovitus, na duka la mwanawe Mackrine pale njia panda, na ile ambayo kitinda mimba amefikisha kwenye renta, juu ya madirisha. Mwisho akampeleka kwenye nyumba ya Muhangi, chini kabisa, karibu na majani ya kulishia. Binti akapiga picha zote. Mzee alisimama mbele ya kila mlango apigwe naye.

Miezi miwili baadaye, nikiwa nimerudi hapo, karatasi ilikuja. Nyumba anayolala alikuwa amesamehewa kwa umri wake. Zile nyingine saba alizitaja mwenyewe, basi zimeandikwa zake, na kodi yenyewe ilikuwa imepanda mwaka huo, kutoka elfu kumi na moja hadi kumi na nane kwa kila nyumba. Jumla laki moja na ishirini na sita elfu. Mvua ya mawe ilikuwa imepita kwenye kahawa, na hata angeuza mpaka punje ya mwisho asingefika hapo.

Dafroza alicheka kwanza.

"Ulijisifu," alimwambia. "Sasa zilipie hizo sifa." Akanigeukia mimi. "Na wewe Xaveri, huna hata banda la kuku. Kumbe ndiye tajiri wa hapa."

Mzee alikwenda kwa mtendaji wa kata, mama mmoja aitwaye Placidia, mtu wa haki lakini asiye na muda wa kupoteza. Placidia akamwambia jambo lake si gumu. Alhamisi kuna mkutano wa hadhara kwenye ghala la chama cha kahawa. Majina yatasomwa. Kwa kila nyumba isiyo yake aseme mbele ya watu: nyumba hiyo si yangu, ni ya fulani, aweke dole gumba, na kodi itamfuata mwenyewe. Ni lazima mbele ya watu, alisema, kwa sababu mwaka uliopita kuna wajanja waliohamishia nyumba zao kwa marehemu.

Rwegoshora alirudi amekosa raha. Nilielewa kwa nini. Nyumba ile si yangu: maneno hayo baba wa kwetu huyasema mara moja tu, mbele ya wazee wa ukoo, siku anapomtoa mtoto kwenye ukoo. Akishayasema, mtoto huyo haji hata kumzika. Na sasa serikali ilikuwa inamtaka ayaseme mara saba, tena kwenye kipaza sauti.

Jumanne aliazima simu yangu. Alimpigia mtoto mmoja mmoja kuwaomba ruhusa ya kuwakana. Aliongea kwa sauti kubwa, anavyoongea na simu siku zote, kana kwamba anaita ng'ambo ya bonde. Alhamisi nitakukana, mwanangu, usiliweke moyoni, ni mambo ya kodi. Jovitus alicheka mpaka akakohoa, akasema baba nikane tu, mimi nitalipa. Mackrine alitaka akanwe yeye wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye duka. Mpaka jioni sita wote walikuwa wamekubali, na salio langu lilikuwa limekwisha.

Akabaki Muhangi, na Muhangi hahitaji simu. Anakaa hatua mia moja kutoka pale. Mzee hakwenda.

Muhangi hakuzaliwa na Rwegoshora. Alikuja mdogo, akifuata ng'ombe na baba yake, watu wa malisho waliotoka upande wa Songambele mwaka wa ukame. Baba akafia hapa Omukitoma kwa homa ya siku nne, na mtoto hakuwa na wa kumrudia. Dafroza akamwekea sahani pamoja na wengine, na hakuna aliyewahi kuiondoa. Alipokua akaonyeshwa mahali pa kujenga, akajenga, akaoa. Leo ana umri wa miaka arobaini na kitu. Karatasi hana hata moja. Kila alipokwenda kuandikishwa kitambulisho aliulizwa babu yake alizaliwa wapi, akarudi mikono mitupu. Uwana wake wote ulikaa kwenye kinywa cha mzee mmoja.

Na Cleophace alilijua hilo. Cleophace ni mtoto wa marehemu kaka yake Rwegoshora, na ile sehemu ya chini ameitamani miaka mingi. Alikuwa ameshatembea kwa wazee wa ukoo. Aliwaambia Alhamisi waje, wasikilize kwa masikio yao. Baba mdogo akisema nyumba ya chini si yake, basi ni ya mkuja, na mkuja amejenga kwenye ardhi ya ukoo. Akisema ni yake, ailipie, na akifa irudi kwenye ukoo.

"Kwa hiyo utasemaje?" nilimuuliza mzee usiku ule.

"Nitasema ni yangu. Nitauza mbuzi nilipe."

"Na mwakani?"

Alichokonoa moto.

Alhamisi ghala lilijaa. Mkutano ulianza na zahanati, kama kawaida. Mama mmoja alitaka kujua kodi ya mwaka jana imekwenda wapi wakati kuta za zahanati zimeota majani. Diwani akajibu kwamba mchakato unaendelea. Sauti nyuma ikauliza kama mchakato huo una mguu mmoja, maana huu ni mwaka wa tatu. Watu wakacheka, diwani naye akacheka, akasema tuwasikilize kwanza walipa kodi halafu ndiyo waulizaji, na jambo likapita hivyo hivyo.

Majina yakasomwa. Ilipofika zamu ya Rwegoshora alisimama mbele ameshika kofia. Nyumba ya kwanza. "Si yangu, ni ya Jovitus," alisema, na ghala zima likapiga kelele za kumtania, kwamba leo mzee anamaliza uzao wote. Ya pili, ya tatu. Kila mara aliweka dole, Joyness akampa karatasi ya kujifutia wino. Alipofika duka la Mackrine alikuwa anatabasamu mwenyewe. Alikana sita.

"Ya mwisho," Placidia alisoma, "ipo chini, ukutani rangi ya udongo, bati kumi na sita."

Cleophace alikuwa ameketi mstari wa mbele na wazee wawili.

"Hiyo ni yangu," Rwegoshora alisema. "Hiyo iandikwe. Nitalipa."

Ndipo Muhangi aliposimama kule mlangoni. Ni mtu mrefu, na kwenye mikutano husimama mlangoni ili asionekane. Sijawahi kumsikia akisema neno mbele ya watu.

"Tata," alisema, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "nyumba hiyo si yako."

Mzee alimtazama kama mtu aliyepigwa.

"Uliniambia jenga, nikajenga," Muhangi aliendelea. "Matofali nilifyatua mwenyewe. Umenilisha nikiwa mtoto, usinilipie kodi nikiwa mtu mzima. Iandikwe kwangu."

Placidia akampa ishara Joyness. Joyness akauliza jina.

"Muhangi."

"Muhangi nani?"

Alitazama miguu yake.

"Rwegoshora," mzee alisema. "Andika Muhangi Rwegoshora."

Cleophace alikuwa ameshasimama. Alisema jina ni mali ya ukoo, na ukoo haujakaa.

"Mwanangu Cleophace," mzee akamwambia kwa upole, "tangu asubuhi nimewakana sita wa damu yangu, na hukutamka neno. Huyu mmoja ambaye sitaki kumkana ndiye amekuamsha?"

Hata wale wazee wawili walicheka. Cleophace alimgeukia mtendaji. Placidia akamwambia kwamba yeye hapangi koo, anaandika mlipa kodi na aliyemtambua. Kama ukoo una kesi, baraza la kata lipo, afungue. Joyness akaandika. Muhangi akaweka dole, na baba yake akaweka dole kando yake kama aliyemtambua, na Muhangi akatoa noti mbili mfukoni, zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama punje. Akarudishiwa elfu mbili na stakabadhi.

Hakurudi mlangoni. Alisimama pale pale mbele na ile karatasi, akaisoma polepole, halafu akamwangalia diwani.

"Mheshimiwa, ulisema walipa kodi kwanza," alisema. "Mimi nimeshalipa. Naomba kujua kuhusu zahanati."

Jamani. Watu walipiga makofi hadi vumbi la kahawa likashuka. Diwani alifungua kinywa, lakini Placidia alimwahi. Alisema fedha za mwaka jana zilipokelewa, sehemu ilikwenda kwenye magari ya watu wanaokuja kukagua ukuta, na yeye hakulikubali hilo na barua yake ipo. Aliahidi kubandika hesabu yote kwenye mlango wa ghala. Alibandika, nasikia, baada ya siku tisa, na sasa watu wanabishana juu ya kila mstari. Ukuta bado uko vile vile. Lakini diwani siku hizi akipita Omukitoma hushuka kwenye pikipiki akasalimia.

Tulirudi watatu. Baba na mwana walitangulia, mimi nyuma. Mzee alikuwa na wino kwenye dole na hakutaka kuufuta.

Dafroza alikuwa amebaki nyumbani kulinda kahawa iliyoanikwa. Tulipomsimulia alisikiliza yote bila kuacha kumenya ndizi. Alitaka stakabadhi, akaishika mbali na macho, akaniambia nimsomee. Nikamsomea mpaka mwisho.

"Na mimi je?" akauliza. "Niliyemlisha nimeandikwa wapi?"

Muhangi akasema karatasi ina nafasi ya jina la baba tu.

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyochapwa, mama."

Alipakua matoke, na sahani ya Muhangi aliijaza hadi maharage yakamwagika pembeni. Muhangi akala yote.

Asubuhi nilifunga jiwe langu la kunolea nikashika njia ya Kanoni. Karibu na ofisi ya kata niliwaona mbele yangu. Dafroza alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, anatembea haraka kama mwenye kesi. Muhangi alimfuata nyuma amemshikia mwavuli, na mvua haikuwepo.