Tumaini wa Lukole

Restituta alikuwa na kazi ambayo wenzake wa Ngara mjini waliionea wivu: kukaa katika ofisi ya shirika moja la misaada kambini Lukole, na kuandika habari za wakimbizi wa Burundi katika jarida la shirika ili wafadhili waguswe. Mkuu wake, Pancras, alikuwa na wimbo mmoja tu. Usiandike watu elfu, andika mtu mmoja. Mpe jina. Mpe jambo moja ambalo msomaji ataliona kwa macho. Na kwa usalama wake, jina libadilishe.

Restituta alilibadilisha, na hapo ndipo unapotamani kumzaba kibao.

Mjane aliyemhoji aliitwa Ndizeye. Alikuwa amewaona waliomuua mumewe, tena aliwajua, walikuwa majirani wa kilima kimoja. Sasa jina hilo kwa Kirundi ni mtu anayesema ana matumaini, na Mhangaza kama Restituta, ambaye lugha yake ni ndugu na Kirundi, hahitaji mkalimani kulielewa. Kwa kupenda uzuri wa maneno, akamwita Tumaini. Akaona amemficha. Labda alimficha kwa wasomaji wa Ulaya. Pale kambini, ambako jarida lilibandikwa hadi kwenye ubao wa mgao wa chakula, alikuwa amemwanika juani.

Wafadhili waliguswa kwelikweli. Pancras alimsifu mbele ya ofisi nzima, naye akavimba kichwa kidogo, kama ambavyo yeyote angevimba.

Wiki hiyohiyo akaingia bwana mmoja mwenye koti la kijivu, kofia mkononi.

"Habari za kazi, dada. Nimesoma ile habari ya Tumaini. Unajua kuandika, nimelia."

"Ahsante," alisema Restituta, na alifurahi, Mungu amsamehe.

"Ndizeye anaendeleaje?"

Restituta akajibu kwamba hamjui mtu wa jina hilo. Bwana yule alitabasamu kwa upole, akashukuru, akatoka.

Restituta alimkuta Ndizeye mlangoni pa kibanda chake akichambua maharage, akamweleza yote. Ndizeye hakulia wala hakumlaumu.

"Juzi bombani mtu aliniita Tumaini," alisema. "Nilidhani kanifananisha." Akaendelea kuchambua. "Dada, uliniandika nikaonekana. Niandike tena, useme nimekufa."

Restituta alimtoa kambini siku hiyohiyo, akampeleka Bugarama kwa mama yake mzazi, akawaambia majirani ni ndugu amekuja kusaidia palizi. Kisha akarudi ofisini kuandika kwamba Tumaini amefariki kwa malaria. Pancras aliisoma, akasema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuandika. Tatizo ni mazoea. Mkono wenyewe, bila kumwuliza mwenye mkono, ulikuwa umetia lile jambo moja la kuonekana kwa macho: marehemu amelazwa chini ya mikaratusi mitatu, pembeni kabisa mwa makaburi ya kambi.

Jarida halikukaa ubaoni muda mrefu kabla bwana wa koti la kijivu hajarudi. Safari hii aliketi bila kukaribishwa.

"Pole kwa msiba, dada. Nilikwenda kumwekea maua, maana ni mtu wa kilima chetu. Nimeizunguka mikaratusi yote mitatu. Hakuna kaburi pale."

"Labda mvua imelisawazisha," alisema Restituta. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu mtu yule hakuwa na hasira hata chembe.

"Labda."

Akainuka, akaipangusa kofia yake kwa kiwiko, akaivaa vizuri. Mlangoni akageuka, kama mtu aliyekaribia kusahau adabu.

"Na mama yetu wa Bugarama hajambo? Nasikia siku hizi ana mgeni."